Kabla Kuta Hazijainuka

Dada yetu mkubwa ni fundi cherehani, na kwa miaka kumi na mmoja ameshonea kwenye chumba cha mbele cha nyumba aliyotuachia baba. Dirisha la chumba hicho ni pana, linatazama barabara, na mwanga huingia tangu asubuhi mpaka jioni. Mpita njia akiwa amevaa gauni lililoshonwa na fundi mwingine, dada humtazama kwa namna ya kumfanya atamani kurudi nyumbani akabadilishe.

Sifa yake kubwa ni kukata kitambaa bila chaki. Mafundi wengine hupima, huchora, hupima tena. Yeye hupapasa kitambaa kwa ncha za vidole, hushika mkasi, hukata moja kwa moja. Wateja walikuwa wakija kutazama tu. Mimi, kitinda mimba wa nyumba hii, nilitembea kifua mbele nikimsimulia mtaa mzima. Nilidhani ni ufundi na maringo kidogo, na maringo kwetu si haba.

Mwaka juzi kaka, anayemfuata dada, alirudi nyumbani na mashine ya fotokopi yenye ukubwa wa kabati, akakitaka chumba cha mbele. Sisemi alikosea. Nani atapita ukumbini, apite na jikoni, mpaka chumba cha nyuma kisicho na dirisha, eti anakwenda kutoa nakala ya cheti? Lakini dada alisema hahami, na alilisema mara moja tu. Kwa miezi minane wakawa wanasalimiana kama watu waliokutana kwenye foleni ya hospitali. Chakula mezani hakikupanda wala hakikushuka. Mimi nilichoka, na nasema wazi, niliwachukia wote wawili kwa zamu.

Aliyechoka kuliko mimi ni shangazi, dada yake baba. Alikuja akatuambia kwamba baba alipokuwa hai tulikuwa tunagombania kila kitu, na baba alikuwa na dawa yake. Basi turudi kwenye dawa ya baba.

Dawa yenyewe ni mchezo wa kompyuta. Zamani baba alileta nyumbani kompyuta ambayo ofisi yake ilitaka kuitupa, na ndani yake mlikuwa na mchezo wa kujenga dola. Kila mchezaji anaanza na watu wachache kwenye ramani iliyofunikwa na giza, anajenga mji mkuu, halafu mnapokezana zamu: wewe unaamuru watu wako, unamaliza, unainuka, anakaa mwenzako. Kwa kuwa kompyuta ilikuwa moja, baba aliweka sheria. Asiye na zamu asimame akiugeukia ukuta, na akigeuka kuchungulia, amepoteza mchezo papo hapo. Pale ukutani pana doa la mafuta ya vipaji vya nyuso zetu mpaka leo.

Tulikubaliana Jumapili, baada ya chakula cha mchana. Atakayeuteka mji mkuu wa mwenzake, chumba cha mbele ni chake, na maneno yaishe. Shangazi alikaa kwenye kigoda mlangoni kama mwamuzi, ingawa kwenye ule mchezo hawezi kutofautisha askari na mti. Mimi nilipewa kazi ya kukaa kando ya kompyuta, ambayo siku hizi inaishi kwa maombi, nione pande zote mbili na nisiseme neno. Ile ilikuwa adhabu, si kazi.

Kaka tulimjua. Yeye ni mtu wa subira. Hujenga mashamba, hujenga maghala, huzungusha kuta za mawe, halafu baada ya saa nne anakuja na mizinga. Hivyo ndivyo alivyotufunga utoto wetu wote. Dada naye alikuwa mtu wa kupamba miji. Nilijiambia moyoni kwamba chumba kimekwenda.

Lakini Jumapili ile dada hakupamba kitu. Zamu za mwanzo, mtu mwenye akili zake hutuma walowezi wakaanzishe mji wa pili. Dada hakutuma. Mji wake ulitoa shujaa mmoja wa rungu, ukatoa mpiga mishale, ukatoa mwingine, mpaka wapiga mishale wakafika watano. Hakuna shamba, hakuna ghala, watu wake wanalala njaa. Ni sawa na kukikata kitambaa chote kwa vazi moja. Likiharibika, huna hata cha kutia kiraka. Mbinu hiyo ina faida moja tu: ukimfikia jirani kabla hajajenga kuta, umemmaliza. Ukichelewa zamu mbili, mishale yako inagonga mawe, nyumbani huna kitu, na unakaa ukisubiri kuliwa polepole. Niliikalia mikono yangu ili nisiseme.

Kaka alikuwa ameugeukia ukuta, lakini masikio hayageuki. Tangu utoto alikuwa na ujanja wake wa kuhesabu mibofyo ya kipanya. Mibofyo mingi ni jeshi linatembea, michache ni mtu anajenga. Safari hii hakusikia kitu, kwa sababu dada hakushika kipanya kabisa. Aliendesha jeshi lake lote kwa kibodi, vidole vikipapasa vitufe taratibu bila sauti. Nilimvulia kofia. Nilidhani amemjua kaka na ujanja wake miaka yote hii, akaamua kumfundisha adabu. Nikaona mabega ya kaka yanalegea, na zamu yake ilipofika aliahirisha kuta, akaanza kujenga Maktaba Kuu, jengo la fahari la zamu kumi na mbili.

Njiani majambazi wa msituni walimuua mpiga mishale mmoja wa dada. Zamu ya ishirini na nne, wale wanne waliobaki na shujaa wao walitokeza msituni, ubavuni mwa mji wa kaka.

Kaka alipokaa, alitazama skrini, akatutazama sisi, akarudi kwenye skrini. Aliiacha maktaba ikiwa nusu, akaamuru kuta, na kuta zilitaka zamu tatu. Alikuwa na askari mmoja tu. Akamtuma huyo ampige shujaa wa dada, kwani anaujua mchezo: wapiga mishale wanaweza kuuchakaza mji, ila hawawezi kuingia ndani. Anayeingia ni mtu wa rungu peke yake. Shujaa akifa, dada atabaki nje akirusha mishale mpaka kuta zimkute hapohapo.

Zamu ya ishirini na tano walipigana. Askari wa kaka alikufa, shujaa akabaki anachechemea. Shangazi aliacha kutafuna karanga zake. Zamu ya ishirini na sita dada alikaa, akawapa amri wapiga mishale wanne mmoja baada ya mwingine, na mstari wa uhai wa mji wa kaka ukapungua mpaka ukawa kama uzi. Ilibaki amri moja. Shujaa ashambulie sasa, na akiwa dhaifu kuliko mji anakufa. Au asubiri apumzike, na kuta zinakamilika zamu inayofuata.

Nguvu zao zilikuwa zimeandikwa pale chini kwa tarakimu ndogo. Dada alisogeza kiti. Akainamisha shingo, akasogea tena, mpaka pua ikakaribia kugusa kioo.

"Shujaa wangu ana ngapi?" aliniuliza kwa sauti ya chini.

Shangazi alikohoa kunikumbusha sheria. Niliuma midomo. Tarakimu zilikuwa pale, wazi, mtu angezisoma akiwa mlangoni. Dada alikuwa amekunja macho, amekinga mkono juu ya paji la uso, anazitafuta kama mtu anayetafuta sindano iliyoanguka kwenye zulia. Hapo ndipo nilipong'amua. Dada yangu alikuwa haoni. Kibodi haikuwa ujanja, ni kwamba mshale wa kipanya ulikuwa unampotea kwenye skrini. Ule uharaka wa kuvamia mapema ni kwamba asingeweza kuikodolea skrini ile kwa saa nne. Na chaki, Mungu wangu, chaki aliiacha kwa sababu haoni mstari. Ndiyo maana hakutaka kuhamia chumba kisicho na dirisha. Sikuwahi kujiona mjinga kama siku ile.

Kimya kilipozidi, kaka aligeuka. Akamwona dada na pua yake kwenye kioo. Akatazama tarakimu, akamtazama tena dada.

"Dada, tangu lini?"

Shangazi aliinuka kwenye kigoda, akasema sheria ni sheria, kaka amegeuka, amepoteza, mchezo umekwisha.

"Nani kageuka?" dada alisema bila kuondoa uso kwenye skrini. "Mimi sijaona mtu kageuka. Rudi ukutani, wewe. Zamu yako bado."

Kaka alirudi ukutani. Aliweka paji la uso pale penye doa. Kisha akauambia ukuta, polepole, kama anayemsomea mtu barua:

"Shujaa wako ana kumi na nane. Mji wangu umebaki na tisa. Kuta zangu zinakamilika zamu ijayo."

Hakuna aliyemwomba. Dada alipapasa kitufe, akakibonyeza. Shujaa aliinua rungu, mji ukaanguka, na skrini ikafunikwa na maandishi.

"Inauliza nini?" dada alisema.

Kaka alikuja akasimama nyuma ya kiti chake. "Inauliza uuchome mji au ubaki nao."

"Wewe hayo maandishi unayasoma ukiwa hapo ulipo?"

"Nayasoma."

"Na kule chumba cha nyuma, unaona vizuri?"

"Naona, Dada."

"Basi nenda ukakae huko," dada alisema. "Na mji wangu usiuchome."

Kaka alinyoosha mkono juu ya bega lake, akabonyeza. Alikuwa analia, na hakujificha. Shangazi aliniambia nikaweke maji ya chai, niache kukodoa macho.

Mashine ya fotokopi iko nyuma sasa. Tumebandika karatasi dirishani yenye mshale mkubwa, na wateja wanapita jikoni kwetu wakichungulia masufuria. Dada tulimpeleka kwa daktari wa macho akiwa amenuna njia nzima. Daktari alisema kipo kinachoweza kuzuiwa, ila uoni uliokwisha kupotea haurudi. Bado anakata bila chaki. Na kila asubuhi, kabla hajawasha mashine yake, kaka huja chumba cha mbele, huketi dirishani, hutunga uzi kwenye sindano kumi na kuzichomeka kwenye pazia, mahali ambapo mkono wa dada unafika.