Pamba Niliyoitafsiri Vibaya

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili na kumi nilikuwa yaya wa watoto wawili wa Kimarekani huko Doha, katika fleti ya ghorofa ya juu kwenye kisiwa cha Pearl. Wote wasichana, mkubwa alikuwa na miaka kumi, mdogo saba. Mama yao, tuliyemwita madam, hakuwapeleka skuli mwaka ule. Aliwafundisha mwenyewe, kwenye meza ya kulia chakula, na somo alilolipenda zaidi lilikuwa historia ya nchi yao ilipokuwa changa. Kila mwezi lilifika boksi kutoka kwao, ndani mna vitabu na vitu vya kushika kwa mikono.

Tulikuwa wafanyakazi wawili. Mimi Mzanzibari, nimemaliza kidato cha nne, Kiingereza nakimudu, kwa hiyo nilikaa mezani na watoto. Mwenzangu alikuwa Msukuma wa upande wa Shinyanga, kanizidi kama miaka kumi na mitano, kazi yake kusafisha na kufua. Tangu siku ya kwanza aliniita mdogo wangu. Mimi sikumwita dada. Nilimwita "wewe", na alipochanganya "l" na "r" nilicheka, mara nyingine mbele ya watoto, nao wakacheka bila kujua wanacheka nini.

Masomo yale niliyapenda kwa kweli. Tulisoma habari za mchapishaji wa magazeti aliyevumbua chuma cha kukinga nyumba na radi, na jiko la kutia joto chumbani, na miwani ya kuonea karibu na mbali kwa pamoja. Tukasoma jinsi wakoloni wa kule walivyomwandikia mfalme wao wa ng'ambo kwamba hawamtaki tena, kwa sababu binadamu wote wanazaliwa sawa. Madam akawaambia watoto waandike tamko lao la nyumba. Walichovya karatasi kwenye chai mpaka ikawa kama kuukuu, wakaandika kwa unyoya kwamba katika nyumba hii hakuna aliye juu ya mwenzake, kisha wakataka kila mtu atie saini. Mwenzangu alinawa mikono, akaikausha kwa aproni, akaandika jina lake kwa herufi kubwa, taratibu. Mimi nilimtafsiria maneno yale kwa sauti ya mwalimu. Akasema ni maneno mazuri. Siku hiyohiyo, tulipomaliza kula jikoni, nilinyanyuka nikamwachia sahani yangu aioshe, kama nilivyofanya kila siku.

Mwezi uliofuata boksi lilikuja na pamba, bado imo kwenye vitumba vyake. Somo lilikuwa mashine ya kutenganisha pamba na mbegu. Madam hakuficha kitu. Aliwaeleza watoto kwamba mashine ile iliifanya pamba kuwa na faida kubwa, wenye mashamba wakataka kulima zaidi na zaidi, na kwa hiyo wakataka watumwa zaidi. Na kwamba baadhi ya waliotia saini kwenye lile tamko la usawa walikuwa na watumwa majumbani mwao. Akawapa watoto pamba wajaribu kuichambua kwa vidole. Walihangaika. Mwenzangu alikuwa anafuta vumbi kabatini, akasogea, akachukua kitumba kimoja, na kabla hatujaelewa anafanyaje mbegu zilikuwa upande mmoja na pamba upande mwingine.

Mtoto mkubwa akamuuliza, kupitia kwangu, amejifunza wapi. Akaketi. Sikuwahi kumwona ameketi kwenye meza ile. Akasema kwao wanalima pamba, amechuma tangu akiwa mdogo kuliko huyu mdogo. Hilo nikalitafsiri. Kisha, kwa kuwa nilikuwa nimemweleza kwa Kiswahili habari ile ya watumwa, akaendelea. Alisema babu yake alikuwa na bibi mzaa baba, na bibi huyo alikuwa na mdogo wake wa kike. Siku moja walikwenda kuteka maji, wakatokea watu wa msafara wa watumwa wakamchukua yule mdogo. Miaka mingi baadaye mpagazi mmoja aliyerudi kutoka pwani aliwaletea habari kwamba yu hai, amevushwa bahari, yuko Unguja kwenye mashamba ya karafuu. Basi. Hawakusikia tena. Kwao mpaka leo, alisema, wasichana hawaendi kisimani wawili. Wanakwenda kundi zima.

Alizungumza muda mrefu, bila kunitazama, anawatazama watoto. Madam akanigeukia, akauliza amesema nini.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa na shamba la mikarafuu. Uani kwake aliishi mwanamke mzee sana ambaye wazee wake waliletwa kutoka bara. Alilala jikoni, alikula tukishamaliza sisi, na watoto hatukumwamkia. Wakubwa walimtaja kuwa "mtu wetu", nami kwa muda mrefu nilidhani maana yake ni jamaa.

Nikasema: "Anasema kwao walitumia pamba kujazia magodoro."

Mtoto mkubwa alishangaa kidogo kwamba maneno yote yale ni magodoro tu. Nikamwambia Kiswahili ni lugha ndefu. Madam akacheka. Baadaye jikoni mwenzangu aliniuliza kama nimewaambia yote. Nikamjibu nimewaambia.

Wiki mbili baadaye tulikwenda Al Wukair, nje kidogo ya Doha, kwenye nyumba ya familia nyingine iliyokuwa ikisomesha watoto nyumbani. Kila mtoto alionyesha kazi yake ukumbini. Mmoja alitengeneza kishada cha kurusha, mwingine mashine ya kuchapia kwa viazi. Mtoto wetu mkubwa alikuwa amechora bango kubwa la pamba, na pembeni kibanda, na watu wanacheka huku wakijaza magodoro. Akamwita mwenzangu kutoka mezani alikokuwa anapanga sahani, akamshika mkono, akawaambia wageni kwamba hii ni familia ya huyu.

Mwenzangu aliitazama ile picha. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Hii ni nini?"

"Ni kwenu."

"Na yule mtoto aliyechukuliwa yuko wapi?"

Niliinama nikamfunga mtoto mdogo kamba ya kiatu. Akaelewa hapohapo. Akamgeukia yule msichana, akamshukuru kwa Kiingereza chake cha maneno mawili, akamshika kichwa kwa upole, akarudi kwenye sahani zake. Njia nzima ya kurudi tulikaa pamoja kiti cha nyuma, aproni yake imekunjwa mapajani, nami nilitazama dirishani kama mtu anayehesabu nguzo.

Kesho yake asubuhi nilimfuata kwenye chumba cha kufulia. Nilisema nimekosa. Hakuacha kukunja shuka.

"Ulinionea haya mimi," akasema, "au ulijionea wewe?"

Nikamweleza habari za uani kwa bibi yangu. Sikuwahi kumweleza mtu. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza yule mzee wa uani alikuwa anaitwa nani. Nikafungua mdomo, nikagundua silijui jina lake. Nimekua naye uani, amenibeba, na silijui. Mwenzangu akaniambia nimpigie mama yangu nimuulize.

Nilimpigia mchana. Mama aliuliza nani kanitia mambo haya huko ugenini. Kisha akasema hakumbuki. Walikuwa wakimwita tu, naye alikuwa akija. Niliporudi kumwambia mwenzangu, alitikisa kichwa, akasema, "Basi hata yule wetu aliyechukuliwa ndivyo alivyoitwa."

Siku hiyo nilimwomba madam tukae mezani tena. Mwenzangu alisimulia upya, sentensi moja moja, nami nikatafsiri kila moja, pamoja na Unguja, pamoja na karafuu. Mtoto mkubwa akaniuliza kwa nini nilisema magodoro. Nikamwambia niliona aibu, kwa sababu walioletewa watu wale ni sisi. Alinitazama kwa makini, bila hasira, na hilo lilikuwa zito kulibeba kuliko hasira. Lile bango, tulilorudi nalo tukalitundika, aliliondoa ukutani mwenyewe.

Baada ya hapo nilianza kuosha sahani zangu, na za wote. Nilianza kumwita dada. Aliitika, lakini kwa adabu, kama unavyomwitikia mgeni. Mkataba wake ulipoisha nilimsindikiza mpaka uwanja wa ndege, tukashikana mikono, akaniombea heri. Hakuniachia namba, nami sikuthubutu kuiomba.

Nimekwenda nyumbani mara tatu tangu hapo. Ninapajua alipozikwa bibi yangu. Pana jiwe na uzio. Kila mara najiambia nitawauliza wajomba alizikwa wapi yule wa uani, na kila mara tunaketi barazani, kahawa inapita, wanaulizia habari za Doha, nami nawaeleza habari za Doha.