Uzito wa Nyuma

Juzi, katika gereji yangu hapa Auburn, Sydney, tulifunga injini kubwa ya silinda nane kwenye gari la zamani la mzungu mmoja. Gereji hii nimeijenga kwa mikono yangu, mimi niliyeishia darasa la nne. Pua ya gari ilipoinama kidogo, nikasikia harufu ya grisi na vumbi la Kasulu.

Siku ile ya utotoni, Mama alikuwa ndani ya nyumba na uchungu wa uzazi, sauti yake imeanza kufifia, na hospitali ilikuwa mbali. Injini ya pikapu yetu ilikuwa imekufa, hivyo Baba na Mjomba walifunga ya lori, nzito kuliko ile. Springi za mbele zikalala kabisa, bodi ikakalia matairi.

"Watoto, pandeni nyuma wote, tuinue pua!" Baba alipiga kelele.

"Shemeji, hii haitoki," Mjomba alisema.

"Sukuma! Si dada yako huyo?"

Tulipanda tukicheka. Nilidhani tunapelekwa matembezi. Injini ilinguruma, gari likasogea kidogo, kisha kitu kikakatika chini na pua ikachimba udongo. Baba aliendelea kukanyaga mafuta mpaka Mjomba akamzimia gari. Ndani ya nyumba, sauti ya Mama haikusikika tena.

Leo najua, unaweka springi ngumu kwanza, injini baadaye. Sydney nzima hakuna fundi wa kunifundisha hilo. Lakini wakati ule niliamini nilikuwa mwepesi mno. Baada ya mazishi ya Mama nilikula ugali wangu na wa wadogo zangu, nikilia, ili niongezeke uzito.