Tangazo la Kipande cha Roketi

Lile tangazo niliandika mimi.

Nimelikana kwa muda mrefu na mbele ya watu wengi. Siku moja shemeji yangu alinibana, akasema maneno yale yananuka chuo kikuu. Nikachukua simu yake, nikalisoma tangazo lote kwa uso mkavu kana kwamba ndiyo kwanza naliona, kisha nikamwambia aliyeliandika hajui Kiswahili. Akataka mifano. Nikamwonyesha makosa matatu ambayo hayakuwepo. Sijawahi kuichambua kazi yangu kwa ukali kiasi kile.

Sisi tunaopenda mambo ya roketi hapa Ifakara hatuzidi watu kumi na kitu. Yupo fundi wa matrekta, Mngoni, ambaye gereji yake iko Lipangalala na ndiyo uwanja wetu wa kurushia roketi za wenzetu. Yupo mwalimu wa fizikia, na yupo muuguzi anayeimba kwaya. Wengine huja na kuondoka. Nipo mimi, niliyesomea lugha na sijui hesabu ya kurusha hata jiwe. Siku roketi inaporushwa ng'ambo tunakaa gerejini jioni mbele ya televisheni ya fundi, juu ya matairi, tukisubiri. Kazi yetu kubwa ni kusubiri. Tumewahi kumaliza mkungu mzima wa ndizi za kuchoma huku mtu aliyevaa vizuri akitueleza kwamba upepo wa juu haujatulia, na mwishoni akatuaga hadi kesho.

Tukisema kweli, kilichotuunganisha si roketi. Ni maelezo ya kampuni baada ya roketi kulipuka. Chombo kimegeuka moto mbele ya macho ya dunia nzima, na msemaji anatabasamu: jaribio limefanikiwa, tumepata takwimu nyingi. Kulipuka wenyewe hawakuiti kulipuka. Ni mtengano wa haraka usiokuwemo kwenye ratiba. Tuliposikia hilo kwa mara ya kwanza fundi alianguka kwenye tairi kwa kicheko, na tangu hapo tukalifanya letu. Gurudumu la trekta lilipochomoka njia ya Mlimba, aliandika kwenye kundi letu la WhatsApp: "Mtengano usiokuwemo kwenye ratiba. Takwimu ni nyingi. Mteja analia." Mwalimu aliripoti kuhusu mitihani ya darasa lake kwamba wanafunzi waliruka vizuri, ila hatua ya pili ndiyo haikuwaka. Muuguzi aliunguza wali siku ya wakwe akatutaarifu kwamba wakwe wamepokea takwimu.

Mimi na fundi ni watani. Yeye Mngoni, mimi Mpogoro, na kwa hiyo hakuna neno analoweza kuniambia nikanuna.

"Nyie Wapogoro mkipewa roketi," aliniambia, "mtaifugia bata."

"Na nyie mtaikata mpate pipa la komoni."

"Bora sisi tutakuwa na kitu cha kunywa mkisubiri upepo utulie."

Ndivyo tulivyoishi. Msiba ulipotokea kwetu alikuja akalala kwenye mkeka wa wafiwa na kugoma kuinuka mpaka apewe kuku, na waliokuwa wakilia wakajikuta wanacheka. Mtani ana ruhusa hiyo. Nalisema mapema kwa sababu ndilo lililoniponza: nilisahau kwamba ruhusa ile ina mipaka, na kwamba simu haiijui mipaka hiyo.

Zikaja habari kwamba kipande cha roketi kimeangukia shamba la watu katika nchi fulani, na kampuni imesema jambo hilo lilitarajiwa. Fundi akanichokoza kwenye kundi. "Msomi, hebu tuandikie tangazo la kwetu. Tuone serikali ya kijiji ingesemaje." Nikaandika. Nilianza hivi: "Tangazo kwa wananchi wote. Mnatangaziwa kuwa kipande cha roketi kinatarajiwa kushuka katika mashamba ya bondeni kuanzia Jumatatu. Wote walioko madunguni warejee majumbani hadi watakapotangaziwa tena." Baada ya hapo ndipo nikaweka mizaha. Atakayekiokota asikifanye bati la choo wala sufuria ya shughuli. Bata wafungiwe ndani, maana roketi haichagui bata wa nani. Atakayeangukiwa ajihesabu kuwa amechangia takwimu.

Walicheka sana. Fundi alituma sauti ya kicheko kitupu, hakuna neno. Nami nililisoma tena na tena usiku ule kabla ya kulala, nikajiona nina kipaji.

Muuguzi akalipeleka kwenye kundi la kwaya yake. Huko kulikuwa na mtu mwenye ndugu juu, kupita Mlimba, upande wa Masagati, ambako wengi bado wanatumia simu za kitochi. Akalifupisha liingie kwenye ujumbe mfupi. Alipolifupisha alitoa mizaha, kwa kuwa mizaha ndiyo ilikuwa mirefu. Kilichobaki kilikuwa tangazo safi, lenye Jumatatu ndani yake. Jumapili katekista wa kigango akalisoma kanisani, baada ya matangazo ya ndoa na kabla ya zamu ya kufagia.

Katika kigango hicho anasali mama yangu mdogo.

Yeye ndiye aliyenilea mama yangu alipofariki. Ana shamba moja zuri la mpunga, la bondeni, jeusi, lenye maji, ambalo mumewe marehemu alilifyeka kwa mikono. Mchele wa shamba hilo ulikuwa kwenye begi langu kila nilipopanda treni kurudi chuo. Msimu wa mpunga anahamia huko kama wenzake, na sufuria na kuku, analala juu ya dungu, kichanja cha miti cha kulindia mpunga. Mpunga ukianza kutia maziwa, ndege huja kama wingu, na mwenye shamba lazima awepo tangu alfajiri hadi jua lizame, ana kombeo mkononi na kamba ya madebe mguuni, anawawinga. Ukiondoka siku moja ndege wanajua. Jumapili ile mpunga wake ulikuwa unatia maziwa.

Watu wa bonde letu hawabishani na tangazo la kuhama shambani. Mto umewafundisha. Ukiambiwa maji yanakuja unachukua mtoto na sufuria, maswali baadaye. Hata hivyo majirani zake walirudi shambani baada ya siku moja mbili, walipoona mbingu imetulia. Mama mdogo hakurudi. Yeye alikuwa na sababu ambayo wenzake hawakuwa nayo: ana mtoto Ifakara anayejua mambo ya roketi. Nilikuwa nimemsimulia mwenyewe, kwa majivuno, jinsi vyuma vile vinavyozunguka juu na kushuka popote. Na tangazo lilisema hadi watakapotangaziwa tena. Akakaa nyumbani akisubiri kutangaziwa tena.

Alinipigia. Hili sikuwahi kumwambia mtu yeyote pale gerejini. Niliona simu yake inaita, na kwenye televisheni hesabu ya kurudi nyuma ilikuwa imefika dakika za mwisho. Nikaibonyeza inyamaze, nikajisemea nitampigia. Roketi ikaahirishwa. Nami nikaahirisha. Alipomtuma mtu akaangalie shamba, mpunga ulikuwa umesimama vilevile, umenyooka, suke baada ya suke, na ndani ya masuke hamna kitu.

Niliyajua yote haya baada ya mavuno, alipokuja Ifakara kliniki ya macho akafikia kwangu. Kila mwaka huniletea kiroba cha mchele mpya. Safari hii alitoa mfuko mdogo wa plastiki, akauweka mezani kwa mikono miwili.

"Utanisamehe mwanangu, mwaka huu ni kidogo."

"Kumetokea nini, mama?"

Akanisimulia. Alisimulia kama mtu aliyeokoka. Akasema kichwa ni bora kuliko mpunga. Akasema siku hizi wanakula muhogo, na muhogo nao ni chakula. Kisha akanitazama kwa yale macho yake yaliyokuwa bado yana dawa.

"Wewe unayewajua hao watu. Kile kipande kiliangukia wapi?"

Hapo palikuwa mahali pa kusema. Nikafungua mdomo, na kilichotoka ni hiki: "Baharini, mama. Kilipinda kikaenda baharini."

"Ashukuriwe Mungu," alisema.

Jioni tulipika ule mchele. Nilikula sahani mbili kwa sababu alinilazimisha.

Miezi iliyofuata nilikuwa hodari wa kukana. Sikuchokoza tena mtu kwenye kundi. Nilisema nina kazi nyingi. Roketi moja ililipuka na watu wakanisubiri niseme neno. Sikusema. Nilianza kumtumia mama mdogo vitu: sukari, kitenge, redio. Kila kilipofika alimwambia kila mtu nina moyo mwema, na maneno hayo yakanirudia yakiwa yameongezwa.

Halafu binamu yangu, binti yake, akaniambia jambo lililonitoa usingizini. Mvua zilikuwa zinakaribia, na mama yake alikuwa ameamua kuliacha shamba la bondeni. Atalima kipande cha mlimani chenye mawe. "Anasema bondeni ndiko vile vitu vinashukia. Anataka kumwachia mtu yeyote asiyeogopa. Ongea naye dada, wewe anakusikiliza."

Nilienda gerejini mchana, saa ambayo fundi yupo peke yake, nikamweleza yote isipokuwa ile simu niliyoinyamazisha. Alikuwa chini ya trekta. Akatoka, akafuta mikono kwa muda mrefu kuliko grisi iliyokuwepo.

"Mtani, hapa pabaya," alisema.

"Najua."

"Mwambie niliandika mimi."

"Wewe?"

"Si ni mimi niliyekuchokoza? Mimi Mngoni. Mama yako ni Mpogoro. Atanitukana, atanidai kuku, nitampelekea kuku, tutacheka. Ukisema ni wewe, atacheka na nani? Mtoto hana utani na mama yake."

Mwaminifu angekataa. Mimi nilimshukuru. Nilitoka pale nimepata nafuu, hata nikanunua chipsi njiani, na nilipofika nyumbani nikampigia mama mdogo kabla nafuu haijaniisha.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hamjambo huko? Redio inasema vizuri, ila betri."

"Nitaleta betri. Mama, kuhusu lile tangazo la roketi. Halikuwa la kweli. Ulikuwa utani. Aliliandika yule fundi wa matrekta, Mngoni, mtani wetu. Hakuna kitu kilichoshuka bondeni, wala hakitashuka."

Nyuma yake nilisikia kinu, mtu anatwanga. Kisha kile kicheko chake kikaja, kirefu, cha mtu aliyetuliwa mzigo.

"Mngoni! Mshenzi yule! Kumbe nimekimbizwa shambani kwangu na Mngoni! Mwambie nitamkamata, kuku hawatamtosha huyo, atatoa mbuzi." Akamwita binti yake, akamwambia, nikasikia na wa kule wanacheka. "Basi nitarudi bondeni. Nilikuwa nauonea uchungu udongo wangu ule."

Mambo yalikuwa yamekwisha. Shamba limerudi, mama amecheka, mbuzi wa fundi ningemlipa mimi kwa siri. Nilikuwa natafuta neno la kuagia.

"Mimi nilijua," akasema, sauti sasa imeshuka, "kwamba wewe ungekuwa unalijua lile jambo ungeniambia. Watu hapa walisema mengi. Niliwaambia, mwanangu hawezi kuniacha nikae nyumbani wiki nzima huku anajua."

Mkono wangu ulikuwa na mafuta ya chipsi na simu ikawa inateleza.

"Mama, ni mimi."

"Ni wewe nini?"

"Niliandika mimi. Fundi amejitolea tu kunibebea. Na ile siku uliyonipigia niliiona simu. Nilikuwa natazama roketi. Sikuipokea."

Kinu kiliendelea. Nilihesabu mapigo yake, nikaacha kuhesabu.

"Iliruka?" aliuliza.

"Nini?"

"Hiyo roketi uliyokuwa unaitazama."

"Hapana, mama. Waliahirisha."

"Haya." Akavuta pumzi. "Kwa hiyo na baharini hakikuanguka."

"Hakikuanguka."

"Angekuwa Mngoni tungeyamaliza kwa mbuzi. Wewe sina pa kukucheka." Hakupaza sauti, afadhali angepaza. "Sikiliza. Sitaki sukari, sitaki kitenge. Mpunga ukianza kutia maziwa utakuja. Utapanda dunguni wewe, mimi nitakaa chini kivulini, nitakuwa nakuonyesha walipo, maana macho yangu hayaoni mbali. Mpaka tuvune. Kazini kwako utasema unavyojua kusema, kuandika unaweza."

"Nitakuja, mama."

"Miguu yako bado ni mikubwa kama ya baba yako?"

"Bado."

"Basi ununue gambuti huko huko. Za kwangu hazitakuingia."

Akakata simu.