Mahari Yangu Ndani ya Nyumba ya Kaka

Mwanangu, siku ng'ombe wangu walipotolewa zizini kupelekwa mnadani Misungwi naikumbuka mpaka leo, maana mimi mwenyewe ndiye niliyewafungulia. Nilikuwa nimekuja kumsalimia mama, mimi mwenyewe bibi arusi wa juzijuzi, kanga bado mpya. Wale ng'ombe walikuwa mahari yangu. Wakwe zangu wa Sengerema waliwaleta, baba akawapokea, na kwetu Wasukuma kila mtu alijua ng'ombe wa namna ile hawachezewi ovyo: ndoa ikivunjika, wanadaiwa warudi walikotoka.

Kaka yangu Masanja, karani pale Mwanza mjini, alikuwa amekuja na habari njema. Serikali imeamua kuwasaidia watu wa mishahara midogo wapate nyumba. Zamani benki ilitaka mtu atoe kianzio kikubwa ndipo akopeshwe. Sasa serikali inamdhamini, yeye atoe kidogo tu, kilichobaki akatwe kwenye mshahara taratibu. Nyumba yenyewe ipo Nyegezi, vyumba vitatu, bati jipya. "Baba, kinachotakiwa ni kidogo tu," akawa anarudia. Shida ni kwamba hata hicho kidogo hakuwa nacho. Baba akatazama zizi.

Sikulazimishwa, nisije nikamsingizia marehemu baba. Baba aliniita akaniuliza, nami nikajibu kwa mbwembwe, "Wauzeni, kaka apate nyumba." Nilijiona mtu mkubwa kweli. Aliyekasirika ni shangazi Kabula peke yake, dada mkubwa wa baba. Alisimama mlangoni mwa zizi akamwambia, "Mdogo wangu, hawa si wako, ni wa huyu mtoto. Ndoa ikimshinda huko, utawarudishia watu nini?"

"Mkwe wangu mtu mzuri, dada. Usimwombee mtoto mabaya."

Shangazi akanigeukia mimi. "Na wewe unachekacheka nini? Kama unatoa, mwambie kaka yako akuandike kwenye hiyo nyumba."

Nilimwona mchoyo. Kaka naye akasema tusimharibie shughuli, benki inataka jina la mwenye mshahara, na sisi damu moja tuandikiane nini? Nikafungua zizi.

Siku ya kuingia ile nyumba nilipika mimi. Wageni waliishukuru serikali, wakamsifu kaka kuwa kijana mwenye akili, wakala, wakanywa. Ng'ombe hawakutajwa hata kwa bahati mbaya.

Haukupita muda mrefu mume wangu akaanza kunipiga. Sitakueleza yote, tazama tu huu mkono wa kushoto, haunyooki. Nilipokimbilia kwa baba, wakwe walinifuata, tena wakiwa watulivu kabisa. Mwanamke abaki, sawa, ila ng'ombe warudi. Baba aliinamisha kichwa, hakuwa na wa kuwapa. Nikawaomba siku chache, nikapanda gari mpaka Nyegezi kumwomba kaka awalipe au anipokee.

Kaka hakunikaribisha ndani. Tuliongea barazani, mkewe akichungulia dirishani.

"Minza, nikikupokea hapa, wale watu watakuja kunidai mimi."

"Kwani nyumba hii haikununuliwa na ng'ombe wangu, kaka?"

"Nyumba bado ya benki. Pesa nyingi zimetoka benki, serikali ikanidhamini. Zile za ng'ombe zilikuwa kidogo tu."

Kidogo tu! Mwanangu, nimetukanwa mengi maishani, lakini hilo ndilo sijalisamehe. Hicho kidogo ndicho kilichokuwa njia yangu ya kuondoka kwa yule mwanaume. Nilipanda kivuko, nikashuka Kamanga, ng'ambo ya ziwa upande wa Sengerema, nikarudi kupigwa. Nilikaa kule mpaka mume wangu alipokufa.

Kaka alipomaliza mkopo wake alinifuata Sengerema, mvi zimemjaa kichwani. "Minza," akasema, "sasa nyumba ni yangu kabisa. Njoo, chumba chako kipo." Nikamjibu kwamba nimeshakuwa mjane, na siku hizi nalala vizuri tu. Alilia. Nilimwacha alie.

Nasikia msaada wa namna ile umetangazwa tena, na ninyi vijana mnapigiana simu kwa furaha. Nendeni. Msaada ni mzuri, wala sijawahi kuulaumu. Serikali iliomba kidogo. Haikuwa kazi yake kuuliza kimetoka kwa nani. Sisi ndani ya familia ndio tuliopaswa kuuliza, na aliyeuliza tulimwona ana roho mbaya.

Kwa hiyo wewe kijana, kama kianzio chako kimetoka kwa dada yako, au kwa mama, haki yake iandikwe kabla hujapokea funguo. Usimwambie mtaelewana baadaye. Baadaye utakuwa na mke, na deni, na sababu. Na wewe binti, wakikuambia ndugu hawaandikiani, sema mimi nataka tuandikiane, hata kama sauti inakutetemeka. Watakuita mchoyo. Itika.

Mungu akupe nyumba, mwanangu. Akupe na haki ya kubaki ndani yake siku ndugu zako watakapokuchoka.