Sanduku la Kufuli Tatu

Wenzangu wangeyasimulia haya vingine, na huenda wao ndio wenye haki. Mimi shule niliiachia njiani, kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania.

Tuliporudi tulianzisha kikundi cha akiba hapa Magarama, mtaa wa Gitega. Sanduku la bati, kufuli tatu, funguo kwa watu watatu, sanduku chini ya kitanda changu. Tuliiga kikundi cha kambini, ambako mwenyekiti mmoja alivunja sanduku kwa kisingizio cha haraka akatoweka na akiba ya watu. Basi tukaapa: sanduku halivunjwi, na ufunguo haupewi mwingine. Pesa ya mwaka ule ilikuwa ya mbegu za maharage na mbolea, tugawane kabla ya mvua.

Redio ikatangaza kwamba noti kubwa zinabadilishwa. Tulipewa siku chache za kuzipeleka benki, baada ya hapo ni karatasi. Zetu karibu zote zilikuwa kubwa. Na ufunguo wa tatu ulikuwa Muyinga, kwa mama mwenzetu aliyekwenda kumlea binti yake aliyejifungua.

Mwenye ufunguo wa pili, mzee muuza vitambaa, alikuja kwangu na nyundo.

"Mama, tuvunje."

"Halivunjwi, mzee. Tuliapa."

"Nyinyi mulirudi na kiapo, mi niko na duka. Hii makaratasi iko inakufa, we unailinda kama maiti."

Nikalikalia sanduku. Nikamwambia wafanyabiashara huwa na haraka pale wanapotaka kuiba. Hajawahi kuniibia hata faranga moja, lazima niliandike hilo.

Kesho yake nikaenda Muyinga. Mafuta ya gari yalikuwa adimu, siku nzima ikaishia njiani. Nilimkuta mama mwenzetu akimwogesha mjukuu.

"Nipe ufunguo, dada. Siku zinakwisha."

"Nikupe, uwe na wako na wangu? Ubaki na mzee mmoja tu wa kumshawishi?"

"Unaniona mwizi?"

"Nakuona mtu. Yule wa kambini naye alikuwa mtu, tena wa kwaya."

Nilikasirika. Lakini sheria ile niliitetea mwenyewe jana tu, nimekalia bati. Akasema tutaondoka wote kesho. Kesho hatukupata gari. Keshokutwa, ndiyo siku ya mwisho, tuliingia Gitega jua limeshuka, na benki imefunga.

Tulifungua sanduku nyumbani kwangu, watatu, kila mtu kufuli yake. Noti zilikuwa zimepangwa vizuri kama tulivyoziacha.

"Zipo zote," mama akasema.

"Ndiyo, ziko zote," mzee akasema. "Sasa mupande hizo."

Namchukia kwa neno lile mpaka leo, ingawa yeye ndiye aliyeona mbali. Sisi tuliogopa mkono wa mtu. Hatukujua kwamba pesa inaweza kuondoka bila mtu kugusa sanduku, kwa tangazo tu. Labda waliosoma walijua. Labda hata sisi tungejua, kama tungemsikiliza muuza vitambaa.

Mzee akaichomoa kufuli yake, akasema aliinunua kwa pesa yake, atafungia duka. Mama alitaka kumzuia, maana sheria yetu inasema kufuli ni za kikundi. Nikamwambia amwache.