Shule Iliyohamia Mpungani

Shule moja ya delta, upande wa Mbuchi, ilikuwa ikituumiza vichwa pale halmashauri, Kibiti. Kwa fedha ilikuwa mkiani, kwa sababu ruzuku hugawiwa kwa idadi ya wanafunzi na wa kwake walikuwa wachache. Lakini kwa matokeo ya darasa la nne ilikuwa imepanda hadi kuzipita shule za barabarani zenye umeme na walimu wa kutosha. Kikaoni watu wakatazamana. Mmoja akasema wazi, "Pale wanaiba mtihani."

Mimi ni mthibiti ubora wa shule. Nikatumwa nikaangalie, pamoja na mkaguzi wa hesabu wa halmashauri, mzee mkimya aliyekuwa amebakiza muda mfupi astaafu. Hatukutoa taarifa. Tulishuka kwenye boti asubuhi, maji yakiwa bado yanajaa, tukapanda hadi shuleni.

Milango ilikuwa imefungwa. Hakuna mtoto, hakuna mwalimu. Mkaguzi akazunguka jengo zima, akarudi akitikisa kichwa.

"Siku ya kazi hii, mama. Umeona mwenyewe."

Mwanamke aliyekuwa akiteka maji kisimani akatuambia, "Watoto wapo mashamba, wanaamia ndege wasile mpunga."

"Na walimu?"

"Nao wapo huko huko."

Nilipandwa na hasira. Tulivua viatu tukafuata njia ya matope, na nilikuwa nimeshaipanga taarifa yangu kichwani, maneno makali tupu. Mikoko ikaisha, mpunga ukafunguka mbele yetu, masuke yakiwa yameanza kuinama. Kila kipande cha shamba kilikuwa na dungu lake, kichanja cha miti chenye paa la makuti, ambacho familia hukaa juu yake kulinda mpunga.

Ndipo nikasikia sauti ya mwanamke kutoka mbali.

"Saba mara nane!"

Halafu kutoka kila dungu, karibu na mbali, sauti za watoto zikapasuka pamoja: "Hamsini na sitaaa!"

Ndege wakanyanyuka. Sijawahi kuona kitu kama kile. Wingu zima la kweleakwelea lilitoka mpungani, likajikunja juu ya vichwa vyetu na kuelekea mikokoni. Kabla halijatulia, sauti ile ikaita tena, "Nane mara nane!" na shamba zima likajibu. Nilimgeukia mkaguzi, naye alikuwa amesimama matopeni, mdomo wazi, viatu mkononi.

Aliyekuwa akiita alikuwa mwalimu mkuu, mwanamke wa makamo, kanga kiunoni, matope hadi magotini.

"Shikamoo, mzee. Karibuni," alisema kutoka juu ya dungu. "Mtaniwia radhi, siwezi kushuka sasa hivi. Wametua kule pembeni."

Jua lilipokuwa kali na ndege wakaenda kivulini, alishuka akatueleza. Kila msimu madarasa yalikuwa yakibaki matupu. Aliandika barua za utoro, akaita wazazi, akawatisha kwa serikali ya kijiji. Watoto walirudi baada ya mavuno wakiwa wamesahau hata kusoma.

"Nikaona nagombana na njaa ya watu," alisema. "Nikawaambia wenzangu, tuwafuate."

Saa ile ya joto ndiyo ilikuwa ya kusoma. Watoto walikusanyika chini ya madungu makubwa, kila mwalimu na kundi lake. Sikutaka kuwapima kwa vitabu walivyovizoea. Nilichomoa kipande cha gazeti kilichofungia chapati zangu, nikampa msichana wa darasa la tatu. Akasoma habari ya bei ya mbolea. Akakwama kwenye "wawekezaji", akarudi nyuma, akalikata silabi silabi, akalimaliza. Bibi yake, aliyekuwa amekaa juu yetu kwenye dungu, akainama.

"Msomee na ile ya chini, mjukuu wangu."

Akasoma na ile ya chini. Nikampa mwingine, na mwingine. Mwishoni niliacha kuwapima, nikawa nasikiliza tu.

Mkaguzi alikuwa akishikashika mbao za ngalawa kuukuu zilizopakwa rangi nyeusi na kutundikwa kwenye nguzo za dungu.

"Hizi kwenye matumizi ya ruzuku mmeziandikaje?"

"Ukarabati wa mbao za kufundishia, mzee. Tulinunua rangi tu."

Akacheka. Tangu tutoke Kibiti sikuwa nimemsikia akicheka.

Fomu ya tathmini iliniuliza habari za madirisha na madawati. Niliijaza kama ilivyotaka, kisha nikaambatisha maelezo marefu, na mkaguzi akasaini chini yangu bila kuombwa. Si wote halmashauri walioamini. Mtihani uliofuata walipeleka wasimamizi wapya, na matokeo yakashuka kidogo sana. Maneno ya wizi yakaisha. Baada ya hapo shule ilipata maturubai na mbao nyepesi za kubebeka. Mwalimu wa ziada hajapatikana hadi leo, kwa sababu mgawanyo ni ule ule wa kuhesabu vichwa.

Siku ile tuliondoka maji yakianza kupwa, mwendesha boti akituhimiza. Tulipokaribia kufika mkaguzi akaniuliza kama wajukuu zake, wanaosoma mjini shule ya kulipia, wangeweza kulisoma lile gazeti. Akasema atakwenda kuwajaribu.