Siku Niliyosikia Narok

Siku yangu ya kwanza katika kituo cha simu za dharura, hapa Nakuru, msimamizi wa zamu alinikalisha mbele ya simu akaniambia nipokee haraka na nitume gari haraka. Mafunzo yakaishia hapo.

Mwaka wangu wa pili, asubuhi moja, alipiga mkulima wa viazi. Mkewe alikuwa akijifungua na damu ilikataa kukatika. Laini ilikuwa mbaya. Mimi nikasikia Narok, nikaomba ambulensi itoke Narok mjini, na nikajiona hodari. Kumbe mtu yule alikuwa Mau Narok, mahali pengine kabisa, huku kwetu, juu ya Njoro. Alipopiga tena kuuliza gari limefika wapi, ndipo nilipoelewa. Mama alipona. Mtoto hakupona.

Sikufutwa kazi. Mwezi uliofuata nilipanda Mau Narok kumwomba msamaha yule mkulima. Alinisikiliza akiwa amesimama shambani, jembe mkononi, kisha akasema, "Madam, ungeniuliza tu mara moja, ningekuambia." Akataka kujua kama niliwahi kufika kwao kabla ya siku hiyo. Sikuwa nimewahi.

Miaka ilipita nikapewa usimamizi wa mafunzo. Wakati huo serikali ilikuwa imeanza kutupa fungu la tozo ya simu, zile senti zinazokatwa mtu anapopiga. Mkurugenzi mpya alitaka fungu lote linunue mitambo. Mimi niliomba sehemu yake ya kuwazungusha wanafunzi mitaani na vijijini, Rhonda, Ndabibi, Mau Narok, waone kwa macho wanakotuma magari. Alikataa mara mbili. Mara ya tatu nilimsimulia habari za yule mtoto, na kwamba aliyepokea simu ni mimi.

"Chukua basi," akasema. "Lakini utawapeleka wewe mwenyewe."

Niliwapeleka, kundi baada ya kundi, hadi nilipostaafu. Niliwafundisha kumrudishia mpigaji jina la mahali alipo, pamoja na mji ulio karibu, na wasitume chochote mpaka aseme ndiyo.

Siku ya kuniaga, wenzangu walitaja watu tuliowaokoa. Niliwashukuru. Siku hizi nikiwa nyumbani, king'ora kikipita barabarani naacha ninachofanya, nikasimama mlangoni kusikiliza kama kinaelekea kunakostahili. Siwezi kujua. Nasimama tu mpaka kisisikike tena.